Wawili, shanta mbili na kisiwa cha mtoni: Mambo ya kujua kabla ya kuondoka Sultan Hamud

Yeyote aliyewahi kukaa kando ya barabara kuu pale Sultan Hamud, basi la Mombasa likisimama ili abiria wanyooshe miguu, amewaona: kijana wa Kizungu na mwenzake wa kike, kila mmoja amebeba mgongoni begi lililompita kichwa, wamevaa kandambili na pua zimebambuka kwa jua. Hununua ndizi na maji, hushauriana jambo kwa sauti ya chini, kisha hurudi garini. Wachuuzi huwacheka kidogo. Mtu aliyemudu nauli ya ndege kutoka Ulaya, huulizana, kwa nini ajibebeshe mzigo kama punda?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linawahusu Wakenya kuliko wanavyodhani. Hawa ni wasafiri wa shanta. Hawakununua safari iliyopangwa na wakala, wala hawana dereva anayewasubiri. Pesa walizo nazo wamezigawanya kwa siku nyingi iwezekanavyo, na kila wanachohitaji kimo mgongoni. Wanachonunua hasa ni muda.

Kwa wachumba na wanandoa wengi wa humu nchini, likizo imekuwa na sura mbili tu: kwenda kijijini kwa wazee wakati wa Krismasi, au kwenda Mombasa kwa siku tatu hotelini na kurudi na deni. Safari ya shanta ni njia ya tatu, nayo haidai utajiri. Inadai maarifa. Na miongoni mwa mahali ambapo maarifa hayo hupimwa vikali ni kisiwa cha mtoni, mahali panaposifiwa kwa utulivu kuliko pengine pote, lakini ambapo utulivu huo umo mikononi mwa mtu asiyeonekana. Makala haya yanaeleza kisiwa cha aina hiyo ni nini, kilicho karibu nasi kiko wapi, na wawili wanaotaka kukifikia wanapaswa kujua nini.

Mji uliozaliwa na safari

Kubeba mzigo mgongoni si ugeni katika eneo hili. Kabla ya reli, Wakamba walikuwa miongoni mwa wasafiri mashuhuri wa bara, wakipeleka pembe na mifugo hadi pwani na kurudi na nguo na shanga. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyemwongoza mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana mwaka 1851, akiwa safarini. Kiondo chenye mshipi unaopita kwenye paji la uso kilitangulia shanta kwa miaka mingi.

Mji wa Sultan Hamud nao ni mtoto wa safari. Jina lake ni la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ile ile ambayo reli ilikuwa ikisogea kutoka Mombasa kuelekea bara. Reli hiyo iliitwa Reli ya Uganda ingawa karibu yote ilikuwa katika ardhi ambayo leo ni Kenya. Sababu ni kwamba shabaha yake haikuwa Ukambani wala Nairobi. Waingereza walikuwa wakilitafuta ziwa, na nyuma ya ziwa, chanzo cha mto Nile. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na mwaka 1931 ikavuka Nile kwa daraja la Jinja.

Kwa hiyo wawili wanaotoka Sultan Hamud kwenda kutafuta kisiwa katika mto Nile hawafanyi jambo la ajabu. Wanaifuata njia iliyouzaa mji wao hadi mwisho wake. Tofauti ni kwamba hawataifuata kwa garimoshi. Treni za abiria katika reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa zilikoma mwaka 2017, ilipoanza kazi reli mpya ya SGR, ambayo kituo chake cha abiria kilicho karibu ni Emali. Hadi Jinja, safari ni ya basi.

Kisiwa cha mtoni ni nini?

Kisiwa cha baharini huwa kimesimama kwa sababu zake chenyewe: ni matumbawe yaliyopanda au mlima uliozama hadi kiunoni. Kisiwa cha mtoni ni matokeo ya mabishano kati ya maji na nchi kavu. Mto unapokutana na mwamba mgumu ambao hauwezi kuukata, hugawanyika na kuuzunguka. Nyuma ya mwamba mkondo hupungua nguvu, na maji yaliyopungua nguvu hutua mchanga na udongo yaliyoubeba. Mbegu huota, mizizi hushika udongo, na baada ya miaka mingi kunakuwa na msitu mdogo katikati ya mto. Palipo na mchanga tu bila mwamba, kisiwa huzaliwa kiangazi na kufa masika.

Mfano mashuhuri duniani uko kusini mwa Laos, karibu na mpaka wa Kambodia, ambako mto Mekong hutanuka hadi kilomita 14 wakati wa mvua na kugawanyika katika vijito visivyohesabika. Wenyeji wanapaita Si Phan Don, maana yake visiwa elfu nne. Hesabu hiyo inajumuisha mafungu ya mchanga yanayoonekana kiangazi tu. Vinavyokaliwa na watu ni vichache, na kati ya hivyo Don Det na Don Khon vimekuwa makao ya wasafiri wa shanta kwa miongo kadhaa. Huko kazi ya mchana ni kulala kwenye kitanda cha wavu kilichofungwa barazani, kuzunguka kwa baiskeli na kutazama jua likizama.

Visiwa hivyo viwili vina undugu na Sultan Hamud ambao wageni wengi hawaujui. Katika miaka ya 1890, Wafaransa waliokuwa wakitawala huko walijenga reli ndogo Don Khon, baadaye ikafika Don Det, ili kuzipitisha mashua kando ya maporomoko ya Khone yaliyokuwa yamezuia meli. Ilikuwa miaka ile ile ya Reli ya Uganda. Dola mbili, kila moja upande wake wa dunia, zilikuwa zikihangaika na jambo moja: mto usiotaka kupitika. Reli ya Don Khon iliachwa katika miaka ya 1940, na sasa watalii huitembelea ili kupiga picha za kichwa cha garimoshi kilichoota kutu.

Laos iko mbali na nauli yake ni kubwa. Lakini mto wa sifa kama hizo upo hapa Afrika Mashariki.

Nile baada ya Jinja

Nile hutoka Ziwa Victoria katika mji wa Jinja, Uganda. John Hanning Speke alipafika tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa maporomoko aliyoyakuta jina la Ripon. Kutoka hapo mto huenda kaskazini kati ya nchi ya Wasoga upande wa mashariki na ya Waganda upande wa magharibi, ukipita juu ya miamba migumu. Ndiyo maana sehemu hii ina maporomoko mengi na visiwa vingi.

Mahali pa kuufahamu mto huu ni Kalagala na Itanda, kaskazini mwa Jinja. Hapo Nile hujigawa kuzunguka visiwa vyenye miti mikubwa. Ukisimama upande wa magharibi, wilaya ya Kayunga, unaitazama Kalagala. Ukisimama upande wa mashariki, unaitazama Itanda, ambako maji huanguka kwa ghadhabu hata wapiga makasia hodari huyaogopa. Katikati ya makelele hayo, visiwa vimetulia. Ndege hulala huko, nyani hucheza, na mvuvi huegesha mtumbwi wake penye maji yaliyopoa.

Tangu katikati ya miaka ya 1990, kampuni za kuteremka maporomoko kwa boti za mpira zilipoanza kazi Jinja, kingo za mto na baadhi ya visiwa vimekuwa na kambi za wageni. Zipo za kifahari ambazo bei yake kwa usiku mmoja ingemlipia mwanafunzi karo. Zipo pia za wasafiri wa shanta, ambako mtu hulipia nafasi ya kupiga hema lake, kitanda katika chumba cha watu wengi, au kibanda cha mbao cha wawili. Mkenya ana haki ya kulala humo kama Mwingereza. Kinachomzuia mara nyingi ni dhana kwamba pale si pake.

Utulivu wenye mwenyewe

Hapa ndipo maarifa yanapohitajika. Maji ya Nile yanayopita kando ya visiwa hivyo hayatiririki yatakavyo. Yanafunguliwa na kufungwa.

Bwawa la kwanza, Owen Falls, lilifunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili. Liliyafunika maporomoko ya Owen na yale ya Ripon aliyoyaona Speke. Leo linaitwa Nalubaale. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012. Liliyazamisha maporomoko ya Bujagali ambayo Wasoga waliyaamini kuwa makao ya mzimu Budhagali, na tambiko zilifanywa kutafuta ridhaa ya mzimu huo. Bwawa la Isimba, la megawati 183, lilizinduliwa Machi 2019, na ziwa lililotokea nyuma yake likafunika maporomoko mengine na sehemu za kingo.

Katika mpango wa Bujagali, serikali ya Uganda na Benki ya Dunia zilikubaliana mwaka 2007 kwamba eneo la Kalagala lingehifadhiwa kama fidia ya kile kilichozamishwa. Isimba ilipokuwa ikijengwa, mjadala mkali ulizuka kama maji yake yangeingia katika eneo lililoahidiwa. Msafiri anayelala kisiwani hapo hana budi kufahamu kwamba kitanda chake kimo ndani ya makubaliano ya wakubwa.

Si haki kuyalaani mabwawa na kuishia hapo. Kenya imekuwa ikinunua umeme wa Uganda tangu miaka ya 1950, na gridi za nchi hizi mbili zimeunganishwa. Taa inayomwangazia muuza chai usiku pale Sultan Hamud huenda inawaka kwa maji yaliyopita Jinja. Anayekwenda kisiwani kukimbia kelele za mji ni yule yule anayewasha taa na kuchaji simu mjini. Ni vyema aende akilijua hilo.

Laos imepita njia hiyo hiyo. Bwawa la Don Sahong, la megawati 260, lilijengwa katika mkondo mmoja wa Si Phan Don kuanzia 2016 na kuanza kazi kamili mwaka 2020. Pomboo wa mtoni waliokuwa wakivutia wageni karibu na Don Khon walikuwa wamepungua kwa miaka mingi, hasa kwa nyavu za wavuvi, na wa mwisho katika kidimbwi hicho alikufa mwaka 2022.

Mafunzo ya msafiri ni mawili. La kwanza, angalia mwaka wa kitabu cha mwongozo au maelezo unayoyasoma. Kitabu kilichochapishwa kabla ya 2012 kitakusifia maporomoko ya Bujagali ambayo leo yako chini ya maji, na kilichochapishwa kabla ya 2019 kinaweza kukuelekeza kwenye kambi iliyohama. La pili, uliza kila siku kuhusu maji. Chini ya bwawa, kimo cha mto hubadilika kufuatana na umeme unaohitajika. Fungu la mchanga lililokuwa kavu mchana laweza kufunikwa usiku bila hata tone la mvua. Hema hupigwa juu, penye nyasi na miti mikubwa, wala si pale mchanga ulipo laini na safi. Mchanga ni safi kwa sababu maji huusafisha.

Ziwa lenyewe lina siku zake pia. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Mwezi uliotangulia, kisiwa kinachoelea, yaani fungu kubwa la magugu na udongo lililong'oka ufuoni, kilisukumwa hadi mitambo ya Nalubaale na kuiziba. Tarehe 14 Aprili 2020 Uganda ikakosa umeme karibu nchi nzima. Katika mto huu hata visiwa husafiri.

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kuhubiriwa kuhusu hatari ya mto. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililowabeba wanakwaya kwenda harusini lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto uliozoeleka ndio unaoua. Kwa hiyo kanuni ya mtumbwi ni moja: jaketi la kujiokoa kwa kila mtu, limefungwa vifundo vyote, hata kama kivuko ni cha dakika tano na nahodha mwenyewe hakuvaa. Asiyekuwa nalo asipande.

Njia na karatasi

Kutoka Sultan Hamud hadi Nairobi ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Kutoka Nairobi kuna njia mbili za kufika Jinja: kupitia Nakuru, Eldoret na Malaba, au kupitia Kisumu na Busia. Mabasi ya Kampala hupita Jinja, takriban kilomita 80 kabla ya kufika Kampala, kwa hiyo abiria amweleze utingo mapema kwamba atashuka hapo. Wengi husafiri usiku ili kuokoa gharama ya malazi. Wawili wanaosafiri hivyo wapeane zamu ya kulala. Mmoja akisinzia, mwingine aangalie mizigo.

Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, na hahitaji viza. Kitu kinachosahauliwa ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hutolewa mara moja na hutambuliwa maisha yote, lakini cheti huanza kutumika siku kumi baada ya sindano. Anayechanjwa siku ya safari amechelewa.

Pale mpakani utakutana na wabadilishaji fedha na waendesha bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa kwenye mpaka huo. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Wingi wa noti humfanya mgeni ajione tajiri na kutumia ovyo. Badilisha pesa kidogo tu za njiani, ujue kiwango cha siku hiyo kabla ya kufika, na uzihesabu noti mwenyewe mbele ya aliyekupa. Kisiwani usitegemee simu kulipia kila kitu. Beba noti ndogo za kumlipa mwenye mtumbwi.

Daraja na bwawa la Jinja vinalindwa, na walinzi hawapendi vipigwe picha. Picha nzuri za mto ziko tele mahali pengine.

Maji yanayovutia, maji yanayougua

Hatari kubwa kuliko mamba na kiboko ni ndogo kuliko zote. Ni kichocho. Ugonjwa huu huletwa na minyoo wanaokua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha huogelea na kupenya ngozi ya mtu. Hauumi siku hiyo. Miezi au miaka baadaye ndipo mtu huumwa matumbo na ini. Ziwa Victoria na sehemu ya Nile inayotoka humo vina kichocho.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye magugu. Bahati mbaya ni kwamba hapo ndipo wawili wanapotaka kuketi na kutumbukiza miguu. Mkondo wa kasi una konokono wachache, lakini una hatari yake ya kumzamisha mtu. Njia ya kupunguza hatari ni kuuliza wenyeji wanaoga wapi na wagonjwa hutoka wapi, kukaa majini muda mfupi, na baada ya kurudi nyumbani kwenda hospitali kupimwa, wiki ya sita hadi ya nane baada ya kugusa maji hayo. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo inafahamika vizuri. Waende wote wawili. Aibu ya mmoja kwenda kupimwa ni ugonjwa wa nyumba nzima.

Malaria nayo inahitaji neno. Mtu wa nchi kavu ya Makueni hana kinga aliyo nayo mtu aliyezaliwa kando ya Nile. Chandarua, nguo za mikono mirefu jioni, na ushauri wa daktari kuhusu dawa za kujikinga si anasa. Mke akiwa mjamzito, safari hii iahirishwe. Kisiwa kitamsubiri. Malaria haitamsubiri.

Mzigo wa wawili

Safari ya shanta huwaonyesha wapendanao mambo ambayo mwaka mzima wa uchumba huyaficha. Hotelini mtu anaweza kununa na kutoka nje. Kisiwani hakuna pa kutoka hadi mwenye mtumbwi aje asubuhi.

Tuchukulie mfano wa mwalimu na mkewe mwenye duka la nguo. Mume ana likizo ya Agosti na mshahara wa mwezi. Mke ana pesa za kila siku, lakini kila siku asiyofungua duka ni hasara. Kwa hiyo gharama ya safari yao si nauli na malazi pekee. Ni nauli, malazi, chakula na mauzo ya siku saba. Wasipoyataja hayo mezani kabla ya kuondoka, yatatajwa kisiwani, usiku, mvua ikinyesha juu ya hema.

Wasafiri wazoefu hufuata desturi chache. Kila mmoja hubeba mzigo wake, usiozidi sehemu moja kati ya tano ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 60 asipite kilo 12. Mume anayesisitiza kubeba shanta zote mbili ili aonekane mwanamume atakuwa mzigo wa tatu kufikia Jinja. Pesa hugawanywa mara mbili, kila mtu akae na sehemu, ili mmoja akiibiwa wasikwame. Nauli ya kurudi huwekwa kando na haiguswi kwa sababu yoyote. Kila jioni hesabu hufanywa pamoja. Na kila baada ya siku mbili, kila mmoja hupewa saa chache za kuwa peke yake, mmoja asome kitabu na mwingine aende sokoni. Ukimya wa hiari huzuia ukimya wa hasira.

Liko pia suala la jamaa. Katika nyumba zetu, wawili wanaoondoka wiki nzima bila harusi, matanga wala ugonjwa huulizwa maswali. Mama mkwe atataka kujua pesa hizo zingenunua mabati mangapi. Swali lake si la kipuuzi. Jibu la busara ni kumweleza mapema, kwa heshima, mnakokwenda na mnakolala, na kumwachia namba ya simu ya kambi. Anayejua mlipo ndiye atakayewatafuta mkichelewa.

Mgeni na wenyeji

Kisiwa ambacho mgeni hukiita mahali pa kupumzika ni shamba na soko la mtu mwingine. Mvuvi wa Nile haamki alfajiri ili apigwe picha. Mama anayefua kando ya mto hayumo katika maonyesho. Katika visiwa vya Mekong wenyeji huwaomba wageni wasitembee kijijini wakiwa wamevaa nguo za kuogelea, na kando ya Nile heshima ni hiyo hiyo. Kuna miamba na miti ambayo Wasoga na Waganda huiona mitakatifu. Ukiulizwa usikanyage, usikanyage.

Pesa ya msafiri wa shanta ni ndogo, lakini ina sifa moja: huangukia mikono ya karibu. Chapati iliyoviringishwa na mayai, ile Waganda waiitayo roleksi, hununuliwa kwa kijana wa kijiwe. Nauli ya mtumbwi humfikia mwenye mtumbwi. Samaki hununuliwa kwa mvuvi. Wenyeji wakiona kwamba mto uliosimama na miti yake unawapa riziki, watakuwa na sababu zaidi ya kuulinda utakapofika mjadala wa bwawa jingine. Mgeni anayebeba chakula chote kutoka mjini na kuacha chupa tupu kisiwani hutoa hoja kwa upande mwingine.

Kurudi Athi

Wiki ikiisha, wawili watarudi Sultan Hamud wakiwa na nguo chafu na pua zilizobambuka, na wachuuzi watawacheka. Lakini watakuwa wamejifunza kuuliza swali ambalo wengi wetu hatuliulizi tunapoyatazama maji: nani anayeyashika, na kwa ajili ya nani?

Swali hilo halikuachwa Jinja. Mto Athi, unaopita kati ya Makueni na Kitui kabla ya kuitwa Galana na hatimaye Sabaki, una visiwa vyake vya mchanga vinavyojitokeza kiangazi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa sababu malori yalikuwa yakiuhamisha mto huo na mingine kipande kwa kipande. Na pale Athi inapokutana na mto Thwake, ujenzi wa bwawa kubwa ulizinduliwa mwaka 2018, bwawa linalokusudiwa kutoa maji ya kunywa, ya kumwagilia mashamba na umeme. Eneo hili lenye kiu linayahitaji maji hayo kuliko linavyohitaji watalii. Hata hivyo, kitakachozama huko kinastahili kujulikana kabla ya kuzama, na watu wake kusikilizwa, kama ilivyopaswa kuwa Bujagali.

Anayetaka kuanza kidogo si lazima avuke mpaka. Anaweza kufunga shanta, kumshika mwenzake mkono na kushuka hadi Athi siku ya Jumamosi, kiangazi, akiwa na mwenyeji anayeujua mto. Aketi penye miti, juu ya mchanga na si juu ya njia ya maji, na amsikilize mzee wa hapo akimweleza mto ulikuwa wapi alipokuwa mtoto. Hiyo pia ni safari, na nauli yake ni ndogo.